Kisamvu, Kisiki na Moshi wa Zebaki

Mchoro wa mmea kwenye kitabu cha sayansi cha shule ya msingi anaujua kila aliyepita darasani Tanzania: mzizi chini, shina katikati, majani pembeni, ua juu. Mwanafunzi anaandika kazi ya kila sehemu, anapata alama zake, na habari inaishia hapo. Kwa maoni yangu, hakuna ukurasa wa kitabu kile unaomhusu mkazi wa kati ya Shinyanga na Geita kuliko huo. Huku mtu anakula mihogo iliyolimwa jirani na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, analisha ng'ombe kwenye ngitili iliyoota upya kutoka kwenye visiki, na anasomesha watoto kwa nyuzi zilizoota juu ya mbegu. Ukiuliza kama mazao ya kijiji fulani ni salama, au kama pori fulani limekufa, huwezi kujibiwa sawasawa mpaka useme unauliza kuhusu sehemu ipi ya mmea. Na hapo ndipo mipango yetu mingi inapokwama, maana tunapima udongo na kuhesabu miti, kisha tunadhani tumeshaujua mmea.

Nianze na jani, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Jani la muhogo, hasa upande wa chini, limejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yale ambayo wanafunzi wa sekondari wanayaita stomata. Kila tundu lina seli mbili za ulinzi. Seli hizo zikijaa maji tundu hufunguka, zikinywea hufunga. Mchana, unyevu ukiwepo, matundu huwa wazi, hewa ya kabonidayoksaidi inaingia, na umbijani uliomo ndani ya jani unatumia nguvu ya jua kuiunganisha hewa hiyo na maji ili kupata sukari. Mvuke wa maji nao unatoka kupitia matundu hayo hayo. Muhogo ni hodari wa kuyafunga: hewa ikikauka tu unayabana, na ukame ukizidi unapukutisha majani, ndiyo maana unavumilia kiangazi cha Kahama ambacho mahindi hayakiwezi. Lakini mmea wowote unaotaka kula lazima ufungue, na ukifungua unapokea hewa jinsi ilivyo.

Sasa tazama hewa hiyo ilivyo penye mwalo. Mawe yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, yamesagwa kwa karasha, mchanga umeoshwa, kisha umechanganywa na zebaki, ambayo hushikana na chembe za dhahabu na kuziacha takataka nyingine. Mchenjuaji anakamua kwenye kitambaa, zebaki iliyozidi inachuruzika, na mkononi linabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, joto ambalo moto wa mkaa unalifikia bila shida, nayo inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Pale ambapo hakuna kifaa cha kuunasa mvuke huo, unakwenda hewani, na mara nyingi uchomaji unafanyika nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye bustani.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Unaingia kwenye tundu la jani pamoja na hewa nyingine, na ukishaingia, sehemu kubwa yake inabadilika kikemia na kunasa ndani ya tishu. Jani linaendelea kukusanya kadiri linavyozeeka. Wanasayansi wanaofuatilia zebaki duniani wanajua kwamba majani ni njia kuu ya zebaki ya hewani kufika ardhini: misitu inaivuta, majani yanaanguka, udongo unaipokea. Mzizi una tabia tofauti kabisa. Zebaki iliyo kwenye udongo hunasa kwenye ngozi na kuta za seli za mzizi, na kidogo sana ndiyo inayopanda juu kupitia mirija ya maji.

Kwa hiyo mtu anayepima udongo wa shamba na kuukuta hauna zebaki nyingi hajamaliza kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Rwamagasa, eneo la Geita lenye historia ndefu ya uchimbaji mdogo, ulipima maji, udongo na mihogo, ukakuta zebaki kwenye majani ni nyingi kuliko kwenye mizizi. Shamba moja, mche mmoja, chakula cha aina mbili, na hatari isiyolingana. Familia inayokula ugali wa udaga kwa kisamvu imekula sehemu mbili za mmea zilizopata sumu yake kwa njia mbili.

Simwambii mtu yeyote aache kisamvu. Ni mboga yenye protini nyingi, na katika nyumba ambayo nyama ni ya sikukuu, kuiondoa ni kuleta njaa ya aina nyingine. Tena zebaki iliyonaswa kwenye jani kwa kawaida si ile ya samaki, ile ya methili ambayo utumbo huinyonya karibu yote. Ya kwenye jani utumbo huinyonya kidogo. Anayechoma donge na kuvuta mvuke wake, na mtoto aliyekaa naye, wako kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mlaji wa mboga. Bahati nyingine ni kwamba kisamvu kizuri ni cha majani machanga, nayo machanga hayajakusanya kwa muda mrefu. Ila hakuna sababu ya kupanda mboga za majani pembeni ya sehemu ya kuchomea. Anayetaka kulima hapo apande kitu kinacholiwa chini ya ardhi au ndani ya ganda, na hata hicho kwanza kipimwe, maana marudio, yaani mchanga uliokwishachenjuliwa, yaliyomwagwa kiholela yanaweza kuwa yameshaharibu udongo wenyewe. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013. Mazungumzo mengi tangu hapo yamekuwa juu ya mchimbaji na vifaa vyake, na hilo ni sahihi, lakini mama anayechuma mboga naye angepaswa kuwa mezani.

Kutwanga hakusaidii chochote kwa zebaki. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakiamini kwamba kinu na moto mkali huondoa kila sumu ya muhogo. Kinu kinaondoa sumu nyingine kabisa, ile ambayo mmea wenyewe umeitengeneza. Ndani ya seli za muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, imehifadhiwa kwenye kifuko chake. Nje, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Seli ikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Mdudu akitafuna, au mchi ukiponda, vinakutana na sianidi inatoka. Kwenye kinu tunailazimisha itoke yote mapema, ili ipotee kwa maji na kwa mvuke kabla hatujala. Udaga unafanya kazi hiyo hiyo kwa kuvundika: mihogo inalainika, vimelea vinavunja seli, kisha jua linamaliza. Nyakati za njaa watu hufupisha hatua, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime mkoani Mara ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, uliohusishwa na mihogo michungu iliyoandaliwa haraka haraka. Sianidi ni silaha ya mmea, na binadamu amejifunza kuizima. Zebaki haimo katika silaha za mmea, na hakuna mapishi yanayoiondoa.

Mpunga una habari yake. Mizizi yake inaishi kwenye tope lisilo na hewa, na mmea umejitengenezea mirija mitupu ndani ya shina inayopeleka oksijeni kutoka juu mpaka chini. Tope hilo la majaruba ndilo makazi ya bakteria wanaoigeuza zebaki ya kawaida kuwa ya methili, na mpunga, tofauti na nafaka nyingine nyingi, unaipokea hiyo na kuifikisha mpaka kwenye punje. Wanshan, eneo la migodi ya zebaki katika jimbo la Guizhou nchini China, limeonyesha kwamba watu wasiokula samaki wengi wanaweza kuipata zebaki ya methili kupitia wali. Aseniki, ambayo huandamana na dhahabu kwenye miamba mingi ya ukanda wetu, nayo huingia kwenye mpunga kupitia milango ya mzizi iliyokusudiwa kupitisha silika, madini ambayo mpunga unayahitaji kwa wingi ili majani yake yawe magumu. Kwa hiyo kwenye muhogo jicho langu liko juu, kwenye jani, na kwenye mpunga liko chini, kwenye tope. Kipimo kimoja kwa mazao yote hakifai.

Kuna nchi ambazo tabia hii ya mimea imegeuzwa kuwa chombo cha kutafutia dhahabu. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamekuta chembe ndogo sana za dhahabu ndani ya majani ya mikaratusi iliyoota juu ya mwamba wenye dhahabu uliofukiwa kina cha mita 30 hivi. Mizizi ilikuwa imefuata maji mpaka huko chini, ikapandisha na dhahabu iliyoyeyuka ndani yake, na mti ukaipeleka mbali, kwenye majani, ambako haiwezi kuudhuru sana. Hakuna mtu atakayetajirika kwa kuchuma majani hayo. Faida yake ni kwamba jani linaweza kusema kilicho chini bila kuchimba duara.

Mita 30 ni mbali, lakini mzizi ni kiungo cha ajabu hata kwenye nusu mita ya kwanza. Kwenye mbuga za Shinyanga na Kishapu, ule udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, wakulima hupanda dengu mvua zinapoelekea kuisha. Mgeni anaona wazimu, kumbe mfinyanzi ule umefungia maji, na mzizi mkuu wa dengu unashuka kadiri unyevu unavyoshuka, mbele kidogo ya ukame, mpaka punje zinakomaa bila tone la mvua. Kwenye mizizi hiyo kuna vinundu, na ndani ya vinundu bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Chomoa mche wa dengu au wa choroko uchane kinundu kwa kucha: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cha kijani au kijivu kimechoka. Ni kipimo cha bure ambacho kila bwana shamba angepaswa kukionyesha shambani.

Mzizi pia unazungumza na majirani, na hapo unaweza kujiponza. Mkulima wa mtama anakijua kiduha, gugu la maua ya zambarau linalong'aa shambani wakati mtama wenyewe umedumaa. Mche mmoja wa kiduha unatoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nyepesi kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Zinasubiri kemikali. Mizizi yenye njaa ya fosforasi huitoa ili kuwaita kuvu rafiki wanaosaidia kuleta madini, na kiduha kimejifunza kuisikia sauti hiyo: mbegu inachipua, inatoboa mzizi, inaunganisha mirija yake na ya mtama, na kuanza kunyonya kabla haijatokeza juu ya ardhi. Ukiliona ua limekwisha kula.

Kinachonifurahisha, na kinachowahusu Wasukuma moja kwa moja, ni kwamba kemikali ya kwanza ya jamii hiyo ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba. Pamba inatoa wito ule ule, kiduha kinachipua, lakini hakiwezi kuushika mzizi wa pamba, kwa hiyo kinakufa kwa njaa ndani ya siku chache. Mkulima anayebadilishana pamba na mtama kwenye shamba moja, kama wazee wengi walivyofanya bila kuambiwa na maabara yoyote, anapunguza akiba ya mbegu za kiduha ardhini mwaka hadi mwaka. Bei ya pamba ikianguka na watu wakaiacha kwa misimu mingi mfululizo, hasara inaonekana mnadani, na nyingine inaonekana baadaye kwenye mtama.

Sasa shina, na kwa Shinyanga shina ni kisiki.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamasisha maelfu ya watu kufyeka mapori ya mkoa huu ili kuondoa mbung'o. Aliyeongoza utafiti wa mbung'o, Charles Swynnerton, aliweka makao yake Shinyanga. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o ina jina lake mpaka leo. Baadaye ukaja upanuzi wa mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikahitajika, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye ngitili zao, yale malisho ambayo Msukuma huyafunga mvua zikianza na kuyafungua kiangazi. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu hazikuzidi hekta 600 hivi.

Miaka ya mwanzo ya mradi ilikuwa ya vitalu na miche, kama ilivyo desturi. Lakini kilichoirudisha Shinyanga hasa kilikuwa tayari kiko ardhini. Mgunga uliokatwa haujafa. Chini ya gome la kisiki kuna macho yaliyolala, yaani matumba ambayo hayakupata nafasi ya kuchipua. Wakati mti ukiwa mzima, ncha yake ya juu hutengeneza homoni inayoshuka na kuyazuia. Ncha ikikatwa, kizuizi kinaondoka, macho yanaamka, na wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi unapanda kuyalisha. Chipukizi hilo lina mzizi wa mti mzima, uliokwishafika kwenye maji. Mche wa kitalu una mzizi wa kiganja kimoja, na unaingia kiangazi chake cha kwanza ukiwa hauna kitu. Kwenye mkoa wenye miezi mitano au sita bila mvua ya maana, tofauti hiyo ndiyo uhai wenyewe.

Kilichokuwa kinaviua visiki ni kuliwa kwa machipukizi kila yanapotokeza. Mbuzi anakula ncha, mzizi unatoa wanga mwingine, mbuzi anarudi, mpaka akiba inaisha. Ukifunga eneo misimu michache tu, kwa sheria ndogo za kijiji na dagashida, lile baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu wakasimamia, mti unapita urefu wa mdomo wa mbuzi na hesabu inageuka. Mpaka HASHI inamalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Dodoma nako njia hiyo inaenezwa kwa jina zuri la Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama, unalinda.

Pamoja na hayo, kila msimu wa kupanda miti bado tunasikia idadi ya miche iliyogawiwa. Sijawahi kusikia halmashauri ikitangaza idadi ya visiki hai ilivyovilinda, na ningependa kuisikia, Shinyanga kabla ya kwingine kokote.

Kuna njia moja ya kuua mti mpaka mzizini bila shoka kubwa, nayo ni kuchuna gome kuuzunguka. Mirija inayopandisha maji iko ndani ya mti, kwenye ubao, kwa hiyo majani hubaki ya kijani kwa muda na watu hudhani hakuna kilichotokea. Mirija inayoshusha sukari iko chini tu ya gome. Ikikatwa mzunguko mzima, mizizi inabaki bila chakula, inakula akiba yake na kufa taratibu, na mti unaifuata. Waganga wazoefu huchuna upande mmoja tu. Wachuuzi wa dawa wanaotaka gunia kwa siku moja hawana subira hiyo, na miti ya dawa iliyo karibu na miji ya migodi inaisha kwa namna hii. Mbuyu ndio unaosamehe: gome lake huota tena, na shina lake nene lililojaa maji huuwezesha kuchipua majani mapya kabla ya mvua.

Migodi yenyewe inadai shina kwa njia nyingine. Duara bila matimba ni kaburi, na matimba yanatoka porini. Nguzo inabeba uzito wa udongo kwa sababu seli za ubao, zilizokwishakufa, zina kuta nene zilizoimarishwa kwa lignini, kitu kile kile kilichousimamisha mti dhidi ya upepo. Hakuna ubaya kuukata, mradi ukatwe kwa kimo na wakati unaoruhusu kisiki kuchipua. Mti unaokatwa hivyo unaweza kumpa mchimbaji nguzo tena baada ya miaka kadhaa, na ngitili zinazopakana na machimbo zingeweza kuuza nguzo kwa mzunguko, kama zinavyouza nyasi.

Ua nitalipita haraka, isipokuwa la pamba. Linafunguka asubuhi likiwa jeupe la maziwa, kesho yake limekuwa la waridi, halafu linanyauka na kuacha tumba. Ndani ya tumba, juu ya ngozi ya kila mbegu, seli za nje zinaanza kurefuka. Kila uzi wa pamba ni seli moja, iliyorefuka kwa wiki mbili tatu mpaka sentimita tatu hivi, kisha ikajijaza selulosi na kufa. Mmea unazitengeneza ili mbegu isafiri na ilindwe. Shati ni fikra yetu. Ukame ukikuta tumba kwenye wiki hizo za kurefuka, uzi unabaki mfupi, na daraja la pamba limeshaamuliwa muda mrefu kabla ya mzani. Mbegu yenyewe inatoa mafuta, na mashudu yanayobaki yanarudi kwa ng'ombe. Aina za pamba za UK, zilizotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, zina vinyweleo vingi kwenye majani, jambo lililotafutwa makusudi na wazalishaji wa mbegu, kwa sababu mdudu chawajani hupata shida kutua na kutaga kwenye jani lenye manyoya.

Na pamba nayo ina kisiki. Tunailima kama zao la msimu, ila kwa asili yake ni kichaka cha miaka mingi. Ukivuna na kuliacha shina ardhini, mvua za kwanza zinaliamsha, linatoa maotea, na funza wa pamba wanakuwa wamehifadhiwa tayari kwa shamba la jirani. Ndiyo sababu mkulima anatakiwa kung'oa na kuchoma mabua ya pamba kila baada ya mavuno. Wengi hukata kwa panga usawa wa ardhi na kuchoma kinachoonekana. Panga linaacha macho ya kisiki na akiba yote ya mzizi. Sheria inasema kung'oa, na bwana shamba anayekagua angeangalia mashimo ardhini kabla ya majivu.